Ukiona nambari zaelea, jua zimeundwa

Kitenzi “elea” kina maana mbili katika Kiswahili. Chombo huelea majini, na somo humwelea mwanafunzi. Leo ningependa tutazame nambari ambazo huelea kwa maana ya kwanza lakini, kwa bahati mbaya, hazijawaelea wengi wetu kwa maana ya pili. Ni nambari ambazo tarakilishi, au kompyuta kama wengi tunavyoiita, huzitumia kila inapokokotoa jambo lenye desimali: halijoto, umbali, mwendo wa ndege, riba ya mkopo.

Wataalamu huziita nambari za nukta inayoelea. Sababu ya jina hilo si ngumu. Chukua kasi ya mwanga, mita 299,792,458 kwa sekunde. Unaweza kuiandika pia kuwa 2.99792458 mara kumi kwa kipeo cha 8. Tarakimu ni zile zile. Kilichohama ni nukta, na kipeo kinatuambia imehama hatua ngapi. Kwa mbinu hii, mashine yenye nafasi finyu huweza kutia umbali wa nyota na unene wa unywele katika visanduku vya ukubwa mmoja.

Wahenga walisema ukiona vyaelea, jua vimeundwa. Nambari hizi nazo zina waundaji. Mhispania Leonardo Torres Quevedo alilipendekeza wazo hilo mwaka wa 1914. Aliyelitia katika mashine ni Mjerumani Konrad Zuse, mhandisi aliyeanza kuunda mitambo yake nyumbani kwa wazazi wake mjini Berlin. Mashine yake iitwayo Z3, aliyoionyesha Mei 1941, ilitumia nambari za biti 22, biti ikiwa ni nafasi moja ya kutia 0 au 1. Mashine hiyo iliteketea katika mashambulizi ya vita.

Si wote waliolifurahia wazo hilo. Mwaka wa 1946, John von Neumann na wenzake, walipoeleza tarakilishi waliyokusudia kuijenga huko Princeton, Marekani, walishikilia kwamba nukta isielee. Waliona kwamba mwanahisabati anayeijua kazi yake anapaswa kujipangia mwenyewe ukubwa wa nambari zake. Hoja hiyo ilizidiwa nguvu, maana watu walitaka mashine iwapunguzie kazi. Lakini hebu tuikumbuke, kwa sababu ukimwachia mwingine akukadirie, ni rahisi kusahau kwamba anakadiria.

Mashine inakadiria nini hasa? Jibu tunaweza kulipata katika vipimo vya wazee wetu wa pwani. Pishi moja ni visaga viwili, na kisaga kimoja ni vibaba viwili. Kwa hiyo kisaga ni nusu ya pishi, kibaba ni robo, na nusu kibaba ni thumuni. Mwenye vipimo hivyo atakupimia nafaka bila kubaki na punje ya ziada. Sasa mwambie akupimie ushuri wa pishi, yaani sehemu moja ya kumi (neno hili ni ndugu wa “ushuru” tunaotozwa bandarini). Atagawa nusu kwa nusu, atakaribia, atakaribia zaidi, lakini kamwe hatafika.

Tarakilishi nayo ni mpimaji wa pishi. Huhesabu kwa mbili, si kwa kumi. Nusu, robo na thumuni inazo kamili. Ushuri, yaani 0.1, kwake ni mfululizo usiokwisha, kama vile theluthi kwetu ilivyo 0.333 na kuendelea. Kwa kuwa nafasi ina mwisho, mahali fulani lazima ikate. Ndiyo maana, katika lugha nyingi za programu, ukijumlisha 0.1 na 0.2 unaletewa 0.30000000000000004. Wanaoliona jibu hilo mara ya kwanza hudhani mashine imeharibika. Kumbe haijaharibika. Hayo ni mabaki ya kukata.

Ikate wapi? Kwa miaka mingi kila kampuni ilikuwa na jibu lake. Mashine za IBM 360, zilizotangazwa mwaka wa 1964, zilihesabu kwa misingi ya 16. Nyingine zilihesabu kwa misingi ya 2, tena kwa nafasi tofauti na kanuni tofauti za kukadiria. Programu iliyoleta jibu zuri katika mashine moja ilipotoka katika nyingine. Mpenzi wa Kiswahili ataitambua hali hii. Kabla ya Kamati ya Lugha iliyoundwa mwaka wa 1930, vitabu navyo viliandikwa kwa Kimvita hapa, kwa Kiunguja kule. Nambari pia zilihitaji kusanifishwa. Kazi hiyo ilianza mwaka wa 1977, na mchango wa profesa William Kahan, mzaliwa wa Kanada aliyefundisha Berkeley, California, ulikuwa mkubwa mno. Kiwango hicho, IEEE 754, kiliidhinishwa mwaka wa 1985, na mwaka wa 1989 Kahan akapewa Tuzo ya Turing.

Kiwango hicho kiliweka wazi aina mbili kuu. Nambari ya biti 32 hukupa takriban tarakimu 7 za kuaminika. Ya biti 64 hukupa kama 15 au 16. Tofauti hiyo si ya kupuuzwa. Katika aina ya kwanza, ukichukua 16,777,216 ukaongeza 1, jibu ni 16,777,216. Unaongeza, unabaki pale pale! Ndiyo sababu mtunga programu mwangalifu hahesabu fedha za watu kwa nukta inayoelea. Huhesabu senti nzima nzima.

Mtu ataniambia, “Profesa, haya ni mambo ya punje.” Sawa, ni punje. Lakini haba na haba hujaza kibaba. Tarehe 25 Februari 1991, wakati wa Vita vya Ghuba, kombora la Scud la Iraq liliangukia kambi ya wanajeshi wa Marekani mjini Dhahran, Saudi Arabia, likaua watu 28. Mtambo wa Patriot uliowekwa kulizuia haukufyatua chochote. Tarakilishi yake, iliyobuniwa miaka ya sabini, ilihesabu muda kwa ushuri wa sekunde, kisha ikaizidisha hesabu hiyo kwa 0.1 iliyokatwa ili itoshee biti 24. Nukta yake haikuwa ile ya kiwango cha 1985, lakini ugonjwa ni huo huo. Kila ushuri ulipungukiwa na takriban sekunde 0.000000095. Mtambo ulikuwa umewaka kwa zaidi ya saa 100, yaani ushuri milioni 3.6. Pungufu ikafika theluthi moja ya sekunde. Kombora linalokwenda zaidi ya mita 1,600 kwa sekunde hupita nusu kilomita katika muda huo. Mtambo ulitazama mahali pasipokuwa na kitu, ukaona hakuna kitu.

Linalonisumbua mimi, mtu wa lugha, ni jambo jingine lililo katika ripoti ya wakaguzi wa serikali ya Marekani ya mwaka wa 1992. Dosari ilikuwa imejulikana. Waisraeli walikuwa wametoa takwimu zilizoonyesha kwamba baada ya saa 8 tu mtambo ulianza kupotoka. Tarehe 21 Februari, siku nne kabla ya maafa, vikosi vilitumiwa ujumbe kwamba mtambo ukiwashwa kwa “muda mrefu sana” unaweza kukosea shabaha. Muda mrefu sana ni muda gani? Saa 8? Saa 100? Ujumbe haukusema. Dawa ya muda ilikuwa kuzima na kuwasha upya, kazi isiyozidi dakika mbili. Programu iliyorekebishwa ilifika Dhahran tarehe 26, siku moja baada ya vifo.

Kwa hiyo ukadiriaji ulifanyika mara mbili: kwanza katika nambari, kisha katika neno. Wa kwanza haukwepeki, maana hakuna mashine itakayoandika mfululizo usiokwisha. Wa pili uliwezekana kuepukwa kwa tarakimu moja tu: 8.

Kiswahili kina hazina ya maneno ya kukiri kwamba tunakadiria. Tunasema takriban, yapata, kadiri ya, kama elfu moja hivi. Mashine hukuletea tarakimu 16 zimejipanga bila takriban hata moja, nasi tunaziamini kwa sababu ya wingi wake. Kazi ya kuliongeza neno hilo ni yetu. Mwenye kutoa nambari aseme ni tarakimu ngapi za kuaminika, na zitaaminika kwa muda gani, kwa saa au kwa siku, si kwa “mrefu sana”.

Shule zetu zimeanza kuwafundisha watoto kutunga programu. Ningewaomba walimu, kabla ya kugusa kibodi, waanze na pishi, kisaga na kibaba, kisha wamwombe mtoto awapimie ushuri. Akishindwa, na akaweza kueleza kwa nini ameshindwa, nambari hizi zitakuwa zimemwelea.