Damu Isigande, Vijidudu Visishike

Leo tutapitia historia kidogo. Tutazungumzia ile mipira na mirija inayowekwa mwilini mwa mgonjwa: kanula kwenye mkono wa mtoto anayetiwa maji, mpira wa mkojo kwa mama aliyejifungua kwa upasuaji, na mirija ya mashine ya kusafisha damu kwa mgonjwa wa figo.

Mirija hii huokoa maisha. Hata hivyo, ina shida mbili ambazo zimewasumbua madaktari tangu zamani.

Shida ya kwanza ni kwamba damu ikigusa kitu kigeni huanza kuganda. Mwili haujui kuwa mrija umekuja kusaidia. Unafanya kama unavyofanya penye jeraha: unaziba. Bonge la damu linaweza kuziba mrija, au likabebwa na damu hadi mapafuni.

Shida ya pili ni vijidudu. Hushika kwenye mrija na kujijengea utando, kama ule utelezi unaousikia kwa vidole ndani ya jerikeni ya maji isiyosuguliwa. Vikishajificha ndani ya utando huo, dawa huvifikia kwa shida sana.

Sasa tuone wataalamu walivyopambana na shida hizi.

Mwaka 1886, mjini Vienna nchini Austria, daktari Ernst Freund aligundua kwamba damu ikiwekwa katika chombo cha kioo kilichopakwa Vaseline hukawia kuganda. Naam, mafuta yale yale unayompaka mtoto. Kumbe kugandisha damu hutegemea pia uso wa chombo inachokigusa!

Mwaka 1913, Kimpton na Brown wa Boston, Marekani, walitumia mrija wa kioo uliopakwa nta ya parafini ndani yake. Walitoa damu kwa mtu mmoja na kumpa mwingine kabla haijaganda. Lakini nta iliwapa muda mfupi tu, na ilibidi wafanye haraka.

Kisha ikaja njia nyingine: kutia dawa ndani ya damu yenyewe. Mwaka 1916, Jay McLean, mwanafunzi wa udaktari katika chuo cha Johns Hopkins mjini Baltimore, alipata katika ini la mbwa kitu kinachozuia damu kuganda. Baadaye dawa ya aina hiyo iliitwa heparini, kutokana na neno la Kigiriki lenye maana ya ini. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, Willem Kolff alipotengeneza mashine ya kusafisha damu huko Uholanzi, aliitegemea heparini. Mpaka leo dawa hii inatumika sana.

Lakini mama, dawa inayozuia damu kuganda haichagui mahali. Huzuia ndani ya mrija, na huzuia pia penye kidonda. Ikizidi, mgonjwa huvuja damu. Fikiria mama aliyetoka kujifungua, au mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati. Kwao kuvuja damu ni hatari kubwa.

Ndiyo maana wataalamu walirudi kwenye wazo la kale, la kutengeneza uso wa mrija. Mwaka 1963, Vincent Gott na wenzake nchini Marekani walieleza jinsi ya kubandika heparini kwenye uso wa kifaa, badala ya kuimwaga yote katika damu. Wengine baadaye walipaka mipira madini ya fedha na dawa za kuua vijidudu. Mbinu hizi zilisaidia, ila dawa iliyopakwa inaweza kupungua nguvu kadiri siku zinavyopita.

Tuje sasa kwenye karne hii. Bila shaka umewahi kumwagia maji jani la nduma. Maji hujikunja kuwa matone na kuteremka, jani likabaki kavu. Jani hilo lina nta na vinundu vidogo sana vinavyoshikilia hewa. Lakini damu si kama maji, na mwishowe hupenya.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Harvard wakatazama mmea mwingine. Unaitwa Nepenthes, na huota Asia ya Kusini-Mashariki, hata Madagaska na Shelisheli katika Bahari yetu ya Hindi. Una jani lenye umbo la mtungi, na mdomo wake huwa na maji ya utelezi. Mdudu akikanyaga hapo, huteleza akatumbukia ndani.

Mwaka 2011 watafiti hao walitangaza uso wa utelezi walioutengeneza kwa kuiga mmea huo. Mwaka 2014 walionyesha namna ya kuupaka kwenye vifaa vya hospitali. Kwanza hubandika tabaka jembamba la kemikali za ukoo mmoja na ile ya vikaango visivyoshika chakula. Juu yake huweka kimiminika kinachokaa pale pale bila kutiririka. Mirija hiyo ilipitisha damu ya nguruwe kwa saa 8 bila kuganda, na bila heparini. Bakteria nao walikaa humo kwa zaidi ya wiki 6, na karibu wote wakashindwa kushika.

Hayo ni matumaini makubwa. Lakini jaribio la nguruwe si wodi yetu. Mpira atakaowekewa mgonjwa wako huenda ukawa wa kawaida, na kwa mpira wa kawaida kila siku inayoongezeka ni nafasi kwa vijidudu. Kinga yake iko mikononi mwetu, mimi muuguzi pamoja na wewe.

Kumbuka mambo haya:

1. Nawa mikono kwa sabuni kabla ya kugusa kanula au mpira wa mkojo.

2. Mfuko wa mkojo uwe chini ya kibofu cha mgonjwa, lakini usiguse sakafu.

3. Mtoto akilia ukigusa penye kanula, au ukiona wekundu, uvimbe, joto au usaha, mwite muuguzi mara moja. Usichomoe wewe mwenyewe, wala usipake chochote.

4. Homa, baridi ya kutetemeka, au mkojo kuacha kutoka, sema hapo hapo hata kama ni usiku.

5. Kila siku uliza: "Je, mpira huu bado unahitajika?" Kuuliza hivyo si kumkosea muuguzi heshima. Mpira usio na kazi tena heri utolewe.

Kinga ni bora kuliko tiba. Mjulishe jirani yako aliye na mgonjwa hospitalini.