Jua Lililoachwa Uani: Korosho na Joto la Viwandani Nachingwea na Ruangwa

Korosho ikishaokotwa chini ya mkorosho huanikwa juani siku mbili tatu, ikigeuzwa na kutandazwa upya, hadi unyevu uishe. Kila mkulima wa Nachingwea na Ruangwa, wilaya za mkoa wa Lindi kusini mwa Tanzania, anaijua kazi hiyo, kwa kuwa korosho mbichi huoza ghalani. Kwa hakika hiyo ndiyo hatua ya kwanza ya kiwanda: joto linaondoa maji ili zao litunzike. Hoja yangu ni kwamba historia ya viwanda kusini iliikatiza kazi ya jua pale pale uani kwa mkulima, ingawa hatua zinazofuata zinahitaji joto lile lile.

Mazoea hayo ya kuliacha jua uani ni ya zamani. Mpango wa karanga wa Waingereza ulioanza 1947 ulileta Nachingwea matrekta, kisha reli iliyofika kutoka gati la Mkwaya, karibu na Lindi, mwaka 1949. Mpango ukavunjwa 1951 baada ya kuteketeza takribani pauni milioni 36, na reli nayo ikang'olewa miaka ya 1960. Ikabaki dhana kwamba nguvu ya kazi kubwa lazima ishushwe bandarini. Serikali huru ilipokopa Benki ya Dunia na kwingineko kujenga viwanda 12 vya kubangua korosho, kimoja kikiwa Nachingwea, mitambo ilikuja ikidai umeme, mafuta na vipuri. Lakini haki itendeke: viwanda hivyo havikufa kwa kukosa joto. Mavuno yalishuka kutoka tani zipatazo 145,000 msimu wa 1973/74 hadi chini ya 20,000 katikati ya miaka ya 1980, kwa sababu watu walihamishiwa vijiji vya ujamaa mbali na mikorosho yao, bei ilikuwa duni, na ugonjwa wa ubwiriunga ulishambulia maua. Jua lisingeziba pengo hilo. Tena vioo na mabomba hulipiwa mwanzoni, hivyo kiwanda kisicho na korosho kingebaki na deni. Kwa hiyo ninachotetea ni mitambo midogo, inayolingana na mzigo uliopo.

Tuitazame kazi yenyewe. Korosho hupikwa kwa mvuke, au huchovywa katika mafuta ya maganda yenye joto la karibu nyuzi 200, ndipo ibanguliwe. Kiini kilichotoka hukaushwa saa kadhaa kwa nyuzi zipatazo 70 ili utando wake utoke bila kukivunja, na kiini kizima ndicho chenye bei. Nyuzi 70 hazihitaji maajabu: bati jeusi chini ya kioo, na hewa inayopita katikati, vinatosha. Hata mvuke si jambo geni kwa jua. Huko Maadi, Misri, mwaka 1913, mvumbuzi Mmarekani Frank Shuman aliendesha pampu ya umwagiliaji kwa mvuke uliotokana na vioo vilivyopinda. Vita vya 1914 vikaukatisha mradi. Oman, mwaka 2017, mtambo wa Miraah ulianza kutoa mvuke wa jua wa kulainisha mafuta mazito ardhini. Silkeborg, Denmark, kwenye jua hafifu kuliko la Lindi, tangu 2016 vipokea joto vyenye eneo la mita za mraba 157,000 hivi vinachangia maji ya moto yanayopelekwa majumbani kwa mabomba.

Pingamizi lenye uzito zaidi ni la maganda. Kiwanda cha korosho kinayo kuni ya bure, kwa nini kinunue vioo? Ni kweli, na kwa tanuri la mvuke maganda yaendelee. Ila moshi wake unawasha na hula chuma, na haufai kukaribia kiini kitakacholiwa. Hapo kwenye kukausha ndipo pa jua. Usiku na mawingu ya Desemba vinajibiwa na tangi la maji ya moto lililofunikwa vizuri, na maganda yakisaidia siku za mvua.

Ruangwa sasa ina pia madini ya kinywe (grafiti), ambayo hutenganishwa na mwamba kwa kuelea majini kisha lazima yakaushwe kabla ya kufungwa magunia. Ni kazi ile ile ya kuondoa maji, safari hii mwaka mzima badala ya msimu mmoja, na mtambo wa jua usiolala miezi minane hurudisha gharama yake mapema zaidi. Wanaopanga viwanda vya wilaya hizi waanze hesabu zao hapo.