Nafasi ya Wote Ndani ya Kompyuta

Mlioketi Ipinda, Ngonga, Matema na Kyela mjini, wekeni madaftari karibu. Somo letu la leo ni la historia: jinsi watu walivyojifunza kugawana nafasi ndani ya kompyuta moja.

Kwanza twende bandarini. Meli ya MV Mbeya II, iliyoundwa hapa hapa Itungi na kuanza kazi mwaka 2021, ilijengwa ichukue abiria 200 na mizigo tani 200. Tuseme wafanyabiashara wa huku kwetu wameachwa wapakie wapendavyo, bila mizani wala daftari. Mchele wao utaijaza meli kabla haijang'oa nanga. Ikifika Lupingu au Manda, mama mwenye magunia mawili tu ataambiwa hakuna nafasi. Hakukosa neno, ila anakaa mbali na bandari ya kwanza. Mshikeni mama huyo akilini, maana tutamrudia.

Hapo zamani shida hii haikuwamo sana katika kompyuta. Habari ziliandikwa kwa kutoboa matundu katika kadi ngumu za karatasi, na kadi moja ilichukua herufi 80. Kila ofisi ilikuwa na kadi zake katika kabati lake, na kabati likijaa alisumbuka mwenyewe. Kisha mwaka 1956 kampuni ya IBM ya Marekani ikauza mtambo mpya: sahani 50 za chuma, kila moja na upana wa sentimita 61, zikizunguka pamoja juu ya mhimili mmoja. Sahani hizo ndizo ziitwazo diski. Zote pamoja zilihifadhi herufi milioni 5, yaani habari za kadi zaidi ya 62,000. Leo picha moja ya simu huweza kuchukua nafasi kama hiyo, lakini siku zile ilikuwa ajabu kubwa.

Kwetu Tanzania kompyuta ya kwanza ilifika Wizara ya Fedha mwaka 1965. Mwaka 1974 Serikali ikapiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, baada ya hasara zilizopatikana katika kutunza hesabu za Serikali kwa mashine. Katazo hilo lililegezwa baadaye, lakini kwa muda huo mengi ya habari hii yalitendeka ng'ambo. Basi twendeni huko.

Mwaka 1961, katika chuo cha MIT huko Marekani, Bwana Fernando Corbató na wenzake walionyesha kompyuta moja ikitumiwa na watu kadhaa kwa wakati mmoja, kila mtu mbele ya mtambo wake wa kuchapa. Hapo ndipo ghala likawa la wote. Kila mtu akapewa fungu lake la saa na la nafasi katika diski, na neno lake la siri la kuingilia. Mwanafunzi mmoja, Allan Scherr, alipewa saa 4 kwa juma, nazo hazikumtosha. Mwaka 1962 akaiagiza kompyuta imchapishie maneno ya siri ya watu wote, akawa anatumia saa za wenziwe. Alieleza mwenyewe miaka mingi baadaye. Alikosa, nakubali, lakini na mgawaji aliyempa mtu fungu dogo kuliko kazi yake naye ajiulize.

Mwaka 1971, katika maabara za kampuni ya simu ya Bell, Ken Thompson na Dennis Ritchie walitoa kitabu cha kwanza cha maelezo ya mfumo wao uitwao Unix. Ndani yake zimo amri mbili fupi. Ya kwanza, du, hupita jalada kwa jalada kama karani wa ghala ahesabuye magunia ya kila mwenye mali, ikataja kila jalada limechukua nafasi kiasi gani. Ya pili, df, hutaja nafasi iliyobaki. Amri hizo zilipima tu, hazikumzuia mtu. Kwa marafiki wachache chumbani, kupima kulitosha, maana aliyejaza alijulikana akaona haya.

Lakini vyuo vikuu vyenye mamia ya wanafunzi haya haikutosha. Diski ikijaa, mwenye kuijaza huwa amekwisha maliza kazi yake. Anayeumia ni yule anayeandika saa ile: kompyuta inakataa kuhifadhi, na kazi yake ya asubuhi nzima huweza kupotea. Ndiye yule mama wa Manda.

Dawa iliyoenea ilitoka Australia. Robert Elz wa Chuo Kikuu cha Melbourne alitengeneza utaratibu wa migao, nao ukaingizwa mwaka 1983 katika Unix iliyotolewa na Chuo Kikuu cha Berkeley, California. Ulikuwa na mipaka miwili. Ukivuka wa kwanza, kompyuta hukuonya lakini hukuacha uendelee. Ukiyapuuza maonyo, inakufungia mpaka upunguze. Ukifika wa pili, inakataa papo hapo. Kwa nini miwili? Kwa kuwa kazi ina misimu. Karani wa kakao wakati wa mauzo ataandika mengi kuliko kawaida, kisha atapunguza. Kumfungia siku ya kwanza ni kumwonea, na kumwacha bila mpaka ni kuwaonea wenzake.

Nanyi mna migao, ingawa hamkuitiwa mkutano. Mwenye anwani ya barua ya Google hupewa bure GB 15, na humo huhesabiwa barua, majalada na picha anazozihifadhi huko. Zikijaa, barua mpya hazipokelewi, hata ikiwa ni ya kuitwa kazini.

Kabla ya somo lijalo, fungueni simu mahali pa mipangilio, mtafute neno Hifadhi. Andikeni daftarini nafasi iliyotumika na iliyobaki. Wenye vyama vyenye kompyuta moja ya wote wamwulize katibu: mpaka wetu ni upi, nani aliuweka, na nani huonywa ukikaribia? Mleteni majibu darasani.