Kipimo kinapopimwa

Mgonjwa wa kisukari wa Kingolwira akirudi kutoka Morogoro mjini husema, "Vipimo vimetoka." Anamaanisha majibu. Mtaalamu wa maabara akisema kipimo kimeharibika, anazungumzia kifaa.

Mgonjwa huyo akipimwa jicho, anastahili kujua kinachosemwa ni kipi, majibu au kifaa. Tangu 1851, Hermann von Helmholtz alipotangaza kifaa chake cha kutazama ndani ya jicho, madaktari wameiona mishipa ya damu ya retina bila kupasua. Lakini mishipa hiyo hutanuka na kusinyaa kidogo kwa mapigo ya moyo. Basi kifaa cha kupima upana wake nacho hupimwa: jicho lilelile hupigwa picha tena na tena, wapimaji wawili wakifanya kazi bila kuoneshana majibu.

Majibu yakikaribiana, kifaa kinaaminika. Usahihi ni jambo jingine. Kifaa huweza kurudia kosa lilelile kila mara, ndiyo maana hulinganishwa pia na kingine kilichokwisha kuthibitishwa.