Achimota: Majina Yaliyotajwa na Yasiyotajwa

Kila mwaka wa masomo ukianza, bwenini huzuka ubishi uleule: shule ya nani imetoa wakubwa wengi zaidi. Aliyetoka Tabora anamtaja Nyerere, aliyeanza kusoma pale mwaka 1937, kisha anakunja mikono kama mtu aliyemaliza kesi. Wa Ilboru hakubali, wa Kibaha hakubali, wa Mzumbe naye ana majina yake, na ubishi unakwisha taa zinapozimwa. Nami nimeshiriki sana ubishi huu. Nilianza kuuonea shaka nilipokuwa nikisoma fasihi ya Ghana. Nikakuta kwamba Kwame Nkrumah na Ayi Kwei Armah, mwandishi wa riwaya iliyouvua nguo utawala wa huyo Nkrumah, wametoka shule moja. Katika orodha ya wahitimu mashuhuri wa Achimota wamekaa jirani, kama ndugu wasio na neno.

Makala hii inahusu orodha hiyo. Sina nia ya kuirefusha, maana wenye shule yao wanaifanya kazi hiyo vizuri. Nataka tuisome kama tunavyosoma matini yoyote ile: nani katajwa, nani kaachwa, na majina yaliyomo yanasemezana nini.

Tuanze na shule yenyewe. Achimota ilifunguliwa rasmi Januari 1927, nje kidogo ya Accra, ikiitwa Prince of Wales College. Waasisi wake wanaotajwa ni watatu: Gavana Gordon Guggisberg, aliyeitawala Gold Coast kuanzia 1919 hadi 1927, A. G. Fraser, mchungaji aliyekuwa mkuu wa kwanza. Na James Emman Kwegyir Aggrey, Mfante aliyesomea Marekani. Huyu Aggrey huku kwetu si mgeni kabisa. Mwaka 1924 alizunguka Afrika Mashariki pamoja na tume ya Phelps-Stokes iliyokuwa ikichunguza elimu ya Mwafrika. Alifariki New York mwaka 1927, mwaka uleule shule ilipofunguliwa.

Nembo ya shule ni vibao vya piano, vyeupe na vyeusi. Fikra hii inahusishwa na Aggrey: unaweza kupiga wimbo kwa vibao vyeupe peke yake, au kwa vyeusi peke yake, lakini ukitaka sauti zipatane sharti utumie vyote. Ni picha nzuri, na ndiyo itikadi yote ya shule ile. Mkoloni na mtawaliwa wakae pamoja wapige muziki mmoja. Swali la nani kakalia kiti mbele ya piano, nembo haikuliuliza.

Jambo jingine ni jina. Katika lugha ya Waga, wenyeji wa Accra, neno Achimota hufasiriwa kuwa ni "usitaje jina". Masimulizi yanasema kwamba msitu wa mahali pale ulikuwa kimbilio la watumwa waliotoroka, na apitaye alikatazwa kutaja jina la mtu asije akawafichua waliojificha. Tazama basi mambo ya historia: mahali ambapo kutaja jina kulikuwa hatari ndipo panapojivunia majina leo.

Na majina hayo si haba. Nkrumah, kiongozi wa kwanza wa Ghana huru. Edward Akufo-Addo, aliyekamatwa pamoja na Nkrumah mwaka 1948 na baadaye akawa rais kuanzia 1970 hadi 1972. Jerry Rawlings. John Evans Atta Mills, aliyefia madarakani mwaka 2012. Dawda Jawara, aliyeiongoza Gambia mpaka alipopinduliwa 1994. Shule ilikuwa ya wavulana na wasichana tangu mwanzo, kwa hiyo yumo pia Annie Jiagge, aliyepata cheti chake cha ualimu pale na baadaye akawa mwanamke wa kwanza kuwa jaji nchini Ghana. Ukiisoma haraka haraka, utasema hapa pana kiwanda cha viongozi. Lakini orodha ina tabia moja mbaya: inasawazisha. Kwa Rawlings inaandika "rais" basi. Haisemi kwamba aliingia kwa bunduki mara mbili, 1979 na 1981, wala kwamba Juni 1979 wakuu watatu wa zamani wa nchi walipigwa risasi. Cheo kinabaki, kisa kinapotea.

Turudi kwa Nkrumah. Mwaka 1926 alijiunga na chuo cha ualimu cha serikali mjini Accra, chuo ambacho baadaye kilihamishiwa Achimota, na alihitimu mwaka 1930. Wakati huo aliitwa Francis. Hilo la Kwame alilishika baadaye. Katika kitabu cha maisha yake, kilichotoka mwaka 1957, anakiri kwamba Aggrey ndiye aliyemwamshia uzalendo. Yeye na wenzake waliunda chama cha wanafunzi kwa jina la Aggrey, cha kufanyia midahalo. Lakini papo hapo anasema hakuweza kuikubali hoja ya mwalimu wake kuhusu weusi na weupe kupatana, kwa sababu hakuna upatano pasipo usawa, na hakuna usawa kwa watu wasiojitawala. Kwa maneno mengine, mwanafunzi maarufu kuliko wote wa Achimota aliikataa nembo ya Achimota. Shule inamhesabu kuwa tunda lake, na ni kweli, ila ni tunda lililokomaa kwa kubishana na mti.

Sasa Armah. Alizaliwa Takoradi mwaka 1939, akasoma Achimota, kisha mwaka 1959 akaenda Marekani, alikofika hadi Harvard. Riwaya yake ya kwanza, The Beautyful Ones Are Not Yet Born, ilitoka 1968, miaka miwili baada ya jeshi kumpindua Nkrumah tarehe 24 Februari 1966. Wengi tunaikumbuka kwa uvundo wake: kinyesi, mate, mikono yenye nta ya uchafu kwenye kuta. Chinua Achebe hakuupenda uvundo huo, akaiona riwaya yenyewe kuwa inaugua. Mimi naomba tuangalie jambo dogo ambalo si la uvundo. Mhusika mkuu hana jina. Ni karani wa reli asiyekula rushwa, nyumbani analaumiwa, kazini anachekwa, na mwandishi anamwita "mtu" tu. Mwenye jina kubwa ni waziri Koomson, na huyo mapinduzi yakija anapenyezwa katika tundu la choo ili aokoke. Hapo ndipo naona Armah anamjibu mwenzake wa shule. Nkrumah aliuliza nani anapiga piano. Armah anauliza: je, baada ya sisi kukikalia kile kiti, muziki umebadilika? Jibu lake ni yule dereva wa mwisho wa riwaya, anayempa polisi rushwa wakati utawala mpya hata siku haujamaliza.

Kuna msomaji atakayesema Armah ni mtoto wa shule kubwa anayewasimanga wenye shule kubwa. Kweli kabisa, na si dhambi. Ila ana jambo lake na sisi ambalo wengi hatulijui. Katika miaka ya 1970 alifundisha hapa Dar es Salaam, katika chuo cha ualimu cha Chang'ombe, palepale ambapo tangu 2005 ni DUCE. Riwaya yake ya Two Thousand Seasons ilichapishwa Nairobi mwaka 1973. Na riwaya yake ya kwanza tunayo kwa Kiswahili, Wema Hawajazaliwa, kwa kalamu ya Abdilatif Abdalla, mshairi aliyefungwa Kenya kuanzia 1969 hadi 1972 kwa sababu ya waraka wake wa Kenya: Twendapi?. Jina la mfasiri kwa kawaida hatulitaji. Tunasema "nimesoma Armah", tunapita. Nasi tunatengeneza orodha zetu, bwana.

Wa tatu ni Kofi Awoonor. Alizaliwa Wheta mwaka 1935, akasoma Achimota na baadaye Chuo Kikuu cha Ghana. Diwani yake ya kwanza, Rediscovery ya 1964, ilitoka kwa jina la George Awoonor-Williams. Jina hilo akalivua. Kama Nkrumah, aliingia na jina moja akatoka na jingine. Lakini kwangu mimi kazi yake kubwa kuhusu majina ni Guardians of the Sacred Word ya mwaka 1974. Humo aliwatafsiri washairi simulizi wa Kiewe, akina Vinoko Akpalu, watunzi wa nyimbo za maombolezo. Awoonor alijua kwamba ushairi wake umetoka kwao. Bibi yake mwenyewe alikuwa mwimbaji wa maombolezo. Basi akawaandika kwa majina yao, kama washairi hasa, asiwaache wafichwe nyuma ya neno "kabila" au "mapokeo". Orodha ya wahitimu isingewataja kamwe. Mhitimu aliwataja.

Maisha yake hayakuwa safi kama karatasi ya wasifu. Alifanya kazi katika shirika la filamu wakati wa Nkrumah, akakaa uhamishoni baada ya 1966, akarudi 1975 akawekwa kizuizini. Baadaye akawa balozi wa serikali ya Rawlings, yule mwenzake wa Achimota mwenye bunduki. Mtu ana haki ya kumuuliza kuhusu hilo. Tarehe 21 Septemba 2013 alikuwa Nairobi kwa tamasha la waandishi, akauawa katika shambulio la Westgate. Watu 67 walikufa pamoja naye au karibu naye, na magazeti mengi ya nje yalimtaja yeye kwanza. Nadhani mwanafunzi wa waombolezaji wa Kiewe angetaka wengine nao watajwe.

Mhadhiri mmoja, nilipomweleza hoja hii, aliniambia: "Mwanangu, bila shule hiyo wasingekuwa na kalamu ya kuilaumu." Sikatai. Shule ile ilimpa kazi hata Ephraim Amu, mwalimu wa muziki aliyeondolewa Akropong mwaka 1933 kwa sababu ya kuvaa nguo za asili kanisani. Kwa hiyo Achimota haikuwa jela ya mawazo. Lakini kutoa kalamu ni jambo moja, na kudai kilichoandikwa ni jambo jingine. Wote watatu niliowajadili waliandika kile ambacho shule haikuwaagiza. Mmoja aliikana nembo, mmoja alimweka asiye na jina katikati ya hadithi, mmoja aliwapa majina waliosahauliwa. Undugu wao ni wa kujibizana, na huo ndio historia ya shule. Picha za ukutani hazitoshi.

Basi ndugu msomaji, mwaka ujao ubishi ukianza bwenini, sitakaa kimya. Nitawaacha wataje wakubwa wao mpaka wachoke, kisha nitauliza: huyo mkubwa wenu, nani katika shule hiyohiyo alisimama akamjibu? Na nani alikuwa akiwapikia ninyi wote uji asubuhi, jina lake mnalikumbuka?