Jina la Askari na Namba Yake

Wasikilizaji wetu, katika nyumba nyingi za Afrika Mashariki limo sanduku lenye nyota ya shaba ya utepe uliochujuka, au cheti kilichokunjwa hata kikachanika penye mikunjo, na hakuna tena mtu aliye hai awezaye kueleza vilifikaje humo. Wajukuu wajua neno moja tu: “Babu alikwenda Burma.” Wengine wajua machache kuliko hayo: “Alichukuliwa Kariakoo, hakurudi.” Maneno hayo mawili si ya vita vimoja, wala njia ya kuyafuata si moja. Twaona watu wengi huanzia mwisho: huandika barua Ulaya kabla ya kumwuliza shangazi yao aliye kijiji cha pili.

Jambo la kwanza ni kujua vita vipi. Vita vya 1914 vilipiganwa katika nchi zetu hizi hizi, hata Jenerali von Lettow-Vorbeck alipoweka silaha chini huko Abercorn, mji uitwao leo Mbala katika Zambia, tarehe 25 Novemba 1918. Vita vya 1939 viliwachukua vijana mbali: Uhabeshi mwaka wa 1941, Bukini mwaka wa 1942, na Burma mwaka wa 1944. Basi mzee aliyezoea kusimulia habari za meli, na mvua isiyokatika, na mto Chindwin, ni wa vita vya pili. Yule aliyetaja Mahiwa, au Ruvuma, au njaa ya porini, ni wa vita vya kwanza.

Hata cheo chaweza kusema kitu. Bibi akisema mumewe alikuwa “ombasha” au “shaushi”, huenda alimtumikia Mdachi, maana ndivyo walivyoitwa makoplo na masajini katika jeshi lile. Lakini neno hilo peke yake halitoshi, kwa kuwa Wasudani wa zamani walioingia katika Keya, yaani King’s African Rifles, walikuja na vyeo kama hivyo. Tena, askari wa Kidachi si wachache waliotekwa wakaandikwa upya upande wa Waingereza. Kikosi cha 6 cha Keya kilichoundwa mwaka wa 1917 kilikuwa nao. Mtu mmoja, basi, aweza kuwa katika majeshi mawili yaliyopigana.

Habari za askari wa Kidachi ni ngumu kupatikana. Nyaraka nyingi za jeshi la Ujerumani ziliteketea Potsdam, mji ule ulipopigwa mabomu mwezi wa Aprili 1945. Mwaka wa 1964 Bunge la Ujerumani Magharibi liliamua kuwalipa askari wazee waliokuwa wangali hai, na husimuliwa kwamba huko Mwanza wengi walifika bila cheti cho chote. Mlipaji akampa kila mmoja ufagio, akamwamuru kwa Kijerumani ageuke kulia, aweke bunduki begani, na hakuna aliyekosea. Kama ilikuwa hivyo kweli, ni bahati yao kwamba mwili ulikumbuka kilichopotea katika karatasi.

Turudi kwa Keya. Kitu cha thamani kupita medali ni namba ya askari. Medali ya fedha ya vita vya 1914 imechorwa namba, jina na kikosi pembeni mwake, na kwa kuitazama tu penye mwanga mtu aweza kumaliza kazi ya mwaka mzima. Nyota za vita vya pili zilitolewa kwa Waafrika bila kuandikwa kitu. Lakini utepe wasema zilikotoka. Ule wa buluu, nyekundu na rangi ya chungwa ni wa Burma. Ule wa rangi ya mchanga, wenye nyekundu katikati na buluu za namna mbili, ni wa Nyota ya Afrika, nayo walipewa waliopigana Uhabeshi. Aliyekwenda Bukini hakupewa nyota yenye jina la kisiwa kile, bali ile ya 1939–45.

Namba ya kikosi nayo ina maana yake. Kikosi cha 1 na cha 2 vilikuwa vya Nyasaland, ambayo sasa ni Malawi. Cha 3 na cha 5 vya Kenya. Cha 4 cha Uganda. Cha 6 cha Tanganyika. Vita vya pili vilipowazidisha watu, vikosi vilizaa vikosi. Huko Burma cha 26 na cha 36 vilikuwa vya Tanganyika, watoto wa kile cha 6. Cha 34 na cha 44 vilikuwa vya Uganda, watoto wa kile cha 4.

Mwenye kujua kikosi aweza kukifuata siku kwa siku. Kila kikosi kiliandika kitabu cha matukio yake, na vitabu hivyo vimewekwa katika Nyumba ya Nyaraka ya Taifa la Uingereza huko Kew: vya vita vya kwanza katika fungu la WO 95, na vya Burma katika fungu la WO 172. Humo utasoma walipolala, mto waliovuka, na mvua iliyowazuia. Lakini msomaji ajiandae kwa huzuni moja. Afisa wa Kizungu akiuawa, ameandikwa kwa jina. Askari wa Kiafrika wakiuawa, mara nyingi imeandikwa hesabu yao tu: wawili wamekufa, watano wamejeruhiwa. Jukuu aliyesafiri mbali kumtafuta babu yake humkuta ndani ya tarakimu.

Ndiyo sababu twasema nyumbani ndipo mahali pa kuanzia. Karani wa jeshi aliandika jina kama lilivyomwingia sikioni, akibadili herufi ya *l* kwa *r*. Wako waliojiandikisha kwa jina la ubatizo lisilojulikana kijijini, na wako waliopata jina jipya kambini. Maafisa walikuwa na makabila waliyoyapendelea, wakidhani mengine hayafai vita, basi kijana hodari alijiita wa kabila lisilo lake. Mambo hayo hayamo katika nyaraka za Kew wala Nairobi. Yamo katika kumbukumbu za wazee. Kadhalika, askari wengi wa vita vya pili waliagiza sehemu ya mshahara wao ilipwe nyumbani kwa njia ya boma. Mafaili ya wilaya yaliyosalimika yamehifadhiwa katika nyumba za nyaraka za Nairobi na Dar es Salaam, na jina la mke huenda likapatikana humo kabla ya jina la mume.

Yuko askari ambaye ukoo wake waambiwa tu kwamba alipotea baharini. Kama alikuwa wa mizinga, na mwaka ulikuwa 1944, basi yaelekea ni habari ya meli *Khedive Ismail*. Meli hiyo ilitoka Mombasa kwenda Colombo, imechukua Kikosi cha 301 cha Mizinga cha Afrika Mashariki pamoja na mabaharia na wauguzi wa kike. Tarehe 12 Februari 1944, karibu na visiwa vya Maldives, nyambizi ya Kijapani ikaipiga, ikazama kwa muda wa dakika mbili hivi. Walikufa watu 1,297. Hawana kaburi, lakini wale wapiga mizinga wameandikwa kwa majina katika Ukumbusho wa Afrika Mashariki ulio ndani ya makaburi ya vita ya Nairobi. Waliokufa Burma bila kaburi kujulikana wameandikwa Taukkyan, karibu na Rangoon, pamoja na wengine karibu 27,000.

Wa Kariakoo hawakupata hata hayo. Jeshi la wapagazi, *Carrier Corps*, ndilo watu walilolitamka hivyo, na mitaa ya Nairobi na Dar es Salaam ingali na jina lake. Walikufa kwa kuhara damu, kwa homa, kwa chakula wasichokizoea. Hesabu ya serikali yenyewe ilipita 40,000, na wanahistoria wa baadaye waona walikuwa wengi zaidi. Mshahara wa marehemu ulitakiwa kuwafikia warithi, lakini majina na vijiji vilikuwa vimeandikwa vibaya, fedha nyingi zikabaki bila mwenyewe, na Nairobi na London zikabishana juu yake. Wajane hawakulipwa. Kisha Tume ya Makaburi ya Vita ikaona sanamu za askari katika miji zatosha, bila majina. Twaona udhuru wa kwamba majina hayakupatikana ni dhaifu, na Tume yenyewe, katika taarifa yake ya mwaka wa 2021, iliungama kwamba ubaguzi ulikuwa na sehemu yake, ikaomba radhi. Taarifa ile yakadiria kwamba watu wasiopungua 116,000, wengi wao kutoka Afrika na Mashariki ya Kati, hawakukumbukwa kwa majina.

Katika miaka ya hivi karibuni Tume hiyo, ikishirikiana na Jeshi la Kenya, imepata hati za zamani za askari zilizodhaniwa kuwa zimeharibiwa, na majina yanaongezwa. Mwenye kuiandikia na alitaje jina kwa kila namna lilivyotamkwa, jina la baba, kijiji kwa jina la wakati ule, na chifu au jumbe aliyekuwapo, maana askari alipoandikishwa aliulizwa kabila, wilaya na chifu wake.