Swichi Zilivyofunguliwa, na Kufuli Lililobaki

Mwaka 2012 swichi moja ya ajabu ya mtandao ilifika katika mji mdogo wa Shelby, jimbo la Iowa nchini Marekani. Ilikuwa imepelekwa huko kimakosa, na haikufanana na bidhaa yoyote iliyokuwa sokoni. Picha zake zilizunguka kwa mafundi wa mitandao, na kabla ya mwaka kwisha jarida la Wired likawa limeshaeleza kitu chenyewe: swichi ya Google, kwa jina Pluto. Kwa miaka kadhaa ilikuwa ikinong'onwa kwamba Google inajitengenezea vifaa vya mtandao. Sasa kimoja kilikuwa mikononi mwa watu baki.

Sababu zake Google ilizisimulia yenyewe mwaka 2015, katika andiko la kitaalamu kuhusu mtandao wake uitwao Jupiter. Kufikia 2004 na 2005 wahandisi wake walikuwa wameona kwamba hakuna ruta ya dukani, hata kwa bei gani, iliyoweza kuunganisha seva zao zote kwa kasi waliyoitaka. Wakarudi kwenye wazo la Charles Clos wa Bell Labs, la mwaka 1953, lililobuniwa kwa ajili ya simu: acha mashine moja kubwa, panga ndogo nyingi kwa ngazi, kila ya chini ishikane na kila ya juu. Mashine ndogo hizo zilihitaji chipu za bei nafuu, na chipu za namna hiyo zilikuwa zimeanza kuuzwa kwa yeyote mwenye fedha.

Google ina jeshi la wahandisi. Benki au chuo kikuu hakina. Huko, aliyenunua swichi ya Cisco alinunua pia programu ya Cisco, amri za Cisco, mkataba wa matengenezo wa Cisco na, mara nyingi, fundi mwenye cheti cha Cisco. Arista, iliyoanzishwa mwaka 2004, ilileta afueni kiasi: mfumo wake wa EOS ulijengwa juu ya Linux, na fundi aliruhusiwa kuingia hadi kwenye Linux yenyewe. Hata hivyo EOS iliuzwa pamoja na boksi la Arista.

Aliyethubutu kutenganisha boksi na programu kwa ajili ya mteja wa kawaida alikuwa JR Rivers, mhandisi aliyepitia Cisco na Google. Mwaka 2010 yeye na Nolan Leake, aliyetoka VMware, walianzisha Cumulus Networks, wakajitokeza hadharani Juni 2013. Fundi akiingia kwenye swichi yenye Cumulus Linux alikuta Debian, aina mojawapo ya Linux. Milango ya mbele ilionekana kama kadi za mtandao za seva, zikiitwa swp1, swp2 na kuendelea. Anwani ziliandikwa kwenye faili la /etc/network/interfaces, programu ziliongezwa kwa apt, na zana kama Ansible au Puppet iliyokuwa ikisimamia seva mia ikapewa na swichi.

Kazi ngumu ilibebwa na programu iitwayo switchd. Linux ilihifadhi jedwali la njia kama ifanyavyo kwenye kompyuta yoyote. Switchd ilisikiliza kila badiliko na kulinakili ndani ya chipu. Pasipo hivyo mpango mzima usingesimama. Swichi ya milango 32 ya gigabiti 40 hubeba terabiti 1.28 kwa sekunde kila upande, na prosesa yake ni dhaifu mno kwa mzigo huo. Pakiti hupita kwenye chipu, Linux huamua zipite wapi. Njia zenyewe zilipangwa na Quagga, programu huria iliyozaliwa na Zebra ya Kunihiro Ishiguro wa Japani. (Quagga halisi alikuwa punda milia wa Afrika Kusini, na ametoweka. Programu nayo ilirithiwa mwaka 2017 na FRRouting.)

Lakini kwa maoni yangu, mchango mkubwa zaidi wa Cumulus si Cumulus Linux. Ni ONIE, kazi ya mhandisi wao Curt Brune, iliyokabidhiwa mradi wa Open Compute mwaka 2013. ONIE ni Linux ndogo sana inayowekwa kiwandani. Swichi mpya ikiwashwa haina mfumo endeshi. ONIE hutafuta kisakinishi mtandaoni au kwenye flashi ya USB, hukisakinisha, kisha hukaa kando kusubiri siku mwenye mali atakapobadili mawazo. Kwa mara ya kwanza mteja aliweza kununua boksi kwa Edgecore au Quanta za Taiwan na programu kwa mwingine kabisa. Januari 2014 Dell nayo ilikubali kuuza swichi zake zikiwa na Cumulus, na jambo hilo likaacha kuonekana kama mchezo wa wapenda Linux.

Facebook ilionyesha swichi yake ya Wedge Juni mwaka huohuo. Lakini wateja wa kawaida walikuja polepole. Benki haikuuliza habari za uhuru. Iliuliza: saa nane usiku mtandao ukikatika, nimpigie nani? Mwenye boksi, mwenye programu, au mwenye chipu? Tena wataalamu wa mitandao walikuwa wamezoea kuandika amri kwa mtindo wa Cisco, na kuhariri mafaili hawakutaka. Mwaka 2017 Cumulus ikawatungia amri zinazofanana na walizozizoea. Iliyokuja kuwafundisha wengine lugha yake ikajikuta inajifunza yao.

Microsoft iliingia kwa mlango mwingine. Mwaka 2015 ilisukuma SAI, kiwango cha namna programu inavyozungumza na chipu, ili mfumo uleule ukae juu ya chipu za kampuni mbalimbali. Machi 2016 ikauweka hadharani mfumo wa SONiC uliotokana na swichi za Azure, huduma yake ya wingu: Debian tena, ila kila kazi imewekwa kwenye kontena lake na taarifa hupitia hifadhidata ya Redis. Mwaka 2022 mradi ulihamia Linux Foundation. Leo hata Cisco ina swichi zinazoendesha SONiC.

Hata hivyo, switchd haikuwa huria. Ili kuongea na chipu ya Broadcom ilihitaji msimbo wa siri wa Broadcom, kwa leseni. Waliotaka kuliondoa kufuli hilo ndani ya Linux yenyewe walikuwepo: Jiri Pirko na wenzake waliingiza switchdev kwenye kiini cha Linux mwishoni mwa 2014, na chipu za Spectrum za Mellanox zikaitumia. Broadcom, iliyotawala soko, haikufuata njia hiyo.

Aprili 2020 Nvidia ilikamilisha kuinunua Mellanox, na mwezi uliofuata ikatangaza kuichukua Cumulus. Kampuni iliyokuwa mteja wa Broadcom ikawa mali ya mshindani wake, na leseni ikakatwa. Toleo la 4.3 likawa la mwisho kwa chipu za Broadcom; baada ya hilo, Cumulus Linux inakaa juu ya chipu za Nvidia peke yake. Makampuni yaliyonunua maboksi yenye Broadcom kwa kuamini kwamba hayafungwi na mtu yaligundua kwamba kufuli halikuwa kwenye boksi wala kwenye programu.

Maboksi hayakutupwa, kwa sababu ONIE ilikuwa bado ndani. Mafundi waliwasha upya, wakafuta Cumulus, wakasakinisha SONiC au mfumo mwingine. Kwenye SONiC mlango uliokuwa swp1 ukaitwa Ethernet0, na wa pili wake ukaitwa Ethernet4: majina hufuata hesabu ya njia za ndani ya chipu, nne kwa kila mlango.